Gundi Inataka Usiku Mmoja

Fundi alikuwa ndiyo kwanza anafungua kibanda chake pembezoni mwa soko la Memorial, hapa Moshi, saa moja asubuhi, kijana alipoingia na jaketi la bluu kwapani. Alilitandaza juu ya meza ya cherehani. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimechanika urefu wa kidole, na juu ya mpasuko ilibandikwa tepu ya kijivu ambayo kingo zake zilishaanza kujikunja na kushika vumbi. Fundi alipoivuta kidogo, unyoya mweupe wa bata ulichomoka, ukaelea, ukatua juu ya gurudumu la cherehani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limekutana na nini hili?"

"Ukuta wa Barranco."

"Na unapanda lini tena?"

"Leo. Gari linaondoka saa mbili. Nimepigiwa simu jana usiku."

Fundi alipapapasa pale penye mpasuko kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. "Gundi inataka usiku mmoja, mwanangu."

Kijana hakuwa nao. Basi fundi akapitisha uzi wa haraka kwa mkono, akabandika juu yake kipande cha tepu mpya, na kijana akaondoka mbio. Mimi nilikuwa kwenye benchi na begi langu lenye zipu mbovu, nikisubiri zamu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria ule usiku mmoja.

Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe hujiita wagumu, ndio wanaobeba mahema, meza, viti, mitungi ya gesi, unga, mayai na mabegi ya wageni kutoka getini hadi Barafu, kambi iliyo mita 4,673 juu ya usawa wa bahari. Mzigo wa kila mmoja umewekewa kikomo cha kilo 20. Ukuta wa Barranco uko katikati ya safari hiyo: genge la mwamba lenye kimo cha karibu mita 250, ambapo mtu hupanda kwa mikono na miguu. Mgeni hupita pale na kifuko kidogo mgongoni. Mgumu hupita na mzigo mzima, anajibana ubavuni mwa jiwe, na jiwe la volkano lina makali ya msasa. Kiwiko kikikwaruza mara moja tu, jaketi limekwisha kupata mdomo.

Nguo zenyewe aghalabu hazikununuliwa dukani. Nyingine zimetoka Memorial au Kiboriloni, kwenye mafungu ya mitumba. Nyingine zimeachwa na wageni walioteremka salama wakagawa walichokuwa nacho. Nyingine huazimwa bila malipo na Kilimanjaro Porters Assistance Project, ile inayojulikana kwa kifupi KPAP, ambayo imekuwa ikifanya kazi hapa Moshi tangu 2003. Kwa hiyo jaketi linapofika mgongoni mwa mgumu, tayari limeshaishi maisha ya mtu mwingine. Tundu lake la kwanza limepatikana Ulaya au Marekani, pengine kwa cheche ya moto wa kambi. Kazi kubwa bado haijaanza.

Tupige hesabu ndogo. Mtu wa Ulaya anayependa milima hulala hemani wikiendi tano au sita za kiangazi, kisha hema linarudi kabatini. Hapa, msimu wa kupanda ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Hema likipanda mara mbili tu kwa mwezi katika miezi hiyo 7, na kila safari ikawa na usiku 6, ni usiku 84 kwa mwaka mmoja. Halafu jua. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na nailoni ni kitu kinacholiwa na mionzi hiyo polepole, uzi kwa uzi. Ongeza mvua ya ukanda wa msitu, ongeza lile vumbi laini la majivu ya volkano linaloingia kwenye meno ya zipu na kuyasaga. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya mapumziko ya mtu kinageuka kuwa zana ya kazi ya kila juma, na hakuna aliyekiandaa kwa hilo. Ndiyo maana nasema suala la kuziba matundu ni kubwa Moshi kuliko mji wowote ambako mahema hayo hushonwa.

Hata hivyo neno lenyewe, kiraka, limepewa sifa mbaya. Barabara ikifanyiwa kazi ya hovyo tunasema imetiwa viraka. Wanaodai Katiba mpya husema iliyopo imejaa viraka, na wanaposema hivyo hawaisifu. Mwalimu aliyetaka kumwaibisha mwanafunzi alimtazama makalio ya kaptula yake. Viwanjani tu ndiko neno limepata heshima: mchezaji anayeweza kucheza beki, kiungo na popote palipopwaya huitwa kiraka, na Erasto Nyoni, aliyecheza Azam, Simba na Taifa Stars, alilibeba jina hilo kwa fahari. Mawaidhani nako utasikia habari za Khalifa Omar, mtawala wa dola kubwa, aliyevaa kanzu yenye viraka. Naona mashabiki wa mpira na wahadhiri wameelewa jambo ambalo sisi wengine tumelisahau. Kiraka kilichotiwa vizuri ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyeuangalia mwili wa mwenzake akaona baridi itaingilia wapi.

Lakini lazima kitiwe vizuri, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu viraka vingi ninavyoviona mlimani vimetiwa kwa nia njema na maarifa pungufu.

Ile tepu ya kijivu, kwanza. Ilitungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kufungia makasha ya risasi yasiingie maji, na kwa dharura haina mpinzani. Bandika, shuka salama. Shida ni kuiacha. Gundi yake hulainika juani ikawa kama ulimbo, ikavuja pembeni, ikashika vumbi. Usiku wa baridi ikakakamaa. Ukija kuibandua baada ya mwezi, inaacha utando unaozuia gundi yoyote bora kushika. Tepu ya dharura iliyoachwa muda mrefu humpa fundi kazi mara mbili.

Viraka vya kubandika vilivyotengenezwa kwa ajili ya mahema na majaketi ni kitu kingine. Ni kitambaa chembamba cha nailoni chenye gundi upande mmoja, na kazi yake haina muujiza. Gundi hiyo ni kama kimiminika kizito mno, kizito kuliko asali, ambacho kinataka kusukumwa na kupewa muda kiingie kwenye vinyweleo vya kitambaa. Ukibandika kiraka juu ya mafuta ya mwili, jasho au masizi ya jiko, umebandika kwenye uchafu, na uchafu ndio utakaobanduka. Kwa hiyo unafuta kwanza kwa spiriti, unaacha pakauke. Unakata kiraka kizidi tundu kwa sentimita 2 na nusu kila upande. Unazungusha pembe ziwe duara, maana pembe kali ndiyo inayokwama kwenye kamba ya mzigo na kuanza kuinuka. Unatandaza kitambaa juu ya kitu kigumu, unakandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje, kisha unaondoka. Unaacha usiku upite. Ukiweza, unatia kingine upande wa ndani.

Aliyekulia mitaa yetu hana haja ya kufundishwa haya upya. Fundi pancha wa baiskeli aliyekaa chini ya mti anayajua yote. Anakwaruza mpira kwa msasa mpaka ung'ao uishe. Anapangusa. Anapaka solusheni, halafu, na hapa ndipo mwanafunzi wake hukosea, anasubiri. Hambandikii mtu kiraka solusheni ikiwa mbichi. Anaigusa kwa kidole mpaka isinate, ndipo anabandika na kugonga kwa nyundo. Ukimharakisha anakwambia utarudi kabla hujafika Majengo. Elimu hii ipo kila kona ya Moshi. Tumeiacha kwenye magurudumu bila kuipandisha mlimani.

Jambo moja tu ni geni kwa fundi pancha, nalo limeharibu viraka vingi kuliko haraka. Mahema na makoti ya mvua hayafanani kwa ngozi. Mengi yamepakwa utando wa poliyurethini, na hayo hushikwa na viraka vya kawaida na gundi ya poliyurethini ya kwenye tyubu. Mengine, hasa mahema mepesi ya bei kubwa, yamelowekwa silikoni, na silikoni haikubali gundi nyingine zaidi ya silikoni mwenzake. Unabandika vizuri, unafuata kila hatua, kesho asubuhi kiraka kimelala chini kama jani. Mtu anadhani amenunua gundi bandia. Kipimo ni rahisi: bandika kipande kidogo cha selotepu pembeni pasipoonekana. Ikiteleza na kudondoka yenyewe, hiyo ni silikoni, tafuta gundi yake.

Wasomaji waliokulia Sharika za Kilutheri au parokia za huku mteremkoni watakumbuka mfano wa Yesu juu ya kiraka cha nguo mpya kwenye vazi kuukuu: kipya hujikunja, kikalivuta la zamani, na mpasuko ukawa mbaya zaidi. Mahubiri hutupeleka kwenye maana ya kiroho, na ni sawa. Ila mfano ule ni sahihi pia kwa fundi. Kiraka kigumu kwenye kitambaa laini huhamishia nguvu yote ukingoni mwake, na ni hapo kando ya kiraka ambapo kitambaa hupasuka tena. Kiraka kinyooke pale kitambaa kinaponyooka. Ndiyo maana supagluu, inayokauka ikawa kama kioo, haina nafasi kwenye jaketi.

Na cherehani? Nawaheshimu mafundi cherehani wetu, lakini kwenye koti la mvua kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na nailoni nyembamba iliyopigwa mshono wa karibukaribu huchanika kwa kufuata mstari wa matundu, kama tiketi ya basi. Mshono una mahali pake: mkanda wa begi, kishikio cha begi la mgeni, kamba ya kuvutia hema, popote panapobeba uzito. Gundi hapo haitafua dafu, na anayebandika mkanda wa mzigo wa kilo 20 anamhatarisha aliye nyuma yake kwenye Ukuta. Lakini pale penye kazi ya kuzuia maji, upepo na manyoya yasitoke, gundi itangulie. Ikibidi kushona, mshono upakwe gundi ya poliyurethini baadaye, ndani na nje, uachwe ukauke. Gundi hiyo hukaushwa na unyevu wa hewani. Moshi, na joto letu hili, ni mahali pazuri mno pa kuikaushia. Barafu si mahali pake. Kwenye baridi gundi husinzia. Mgumu ambaye hana budi kubandika kambini na aweke kiraka kwapani, chini ya nguo, mpaka kipate joto la mwili, halafu ndipo akibandike, akikandamize, alale juu yake.

Kuna pia vitu visivyozibika, na mwenye kuthamini viraka lazima avijue. Hema lililoanza kunata na kutoa harufu ya maziwa yaliyochacha, utando wake umeshaoza kwa unyevu. Ukibandika kiraka utakuwa umebandika kwenye ngozi inayobambuka. Buti nazo. Buti nzuri iliyokaa miaka stoo, pengine kwa mgeni aliyetaka kuitoa zawadi ikiwa kama mpya, soli yake ya katikati huwa imeoza kimyakimya hata kama ngozi inang'aa. Siku ya kwanza getini inaonekana salama. Siku ya tatu, mahali fulani juu ya Shira, inameguka kama keki na mtu anamaliza safari akiwa amefunga soli kwa kamba. Soli iliyobanduka tu, ikiwa bado nzima, fundi viatu ataikwaruza, ataipaka gundi pande zote mbili, ataigandamiza, na itapanda tena msimu mzima. Iliyooza haina dawa. Bonyeza kwa ukucha kabla ya kuondoka Moshi: ikibonyea na kubaki na alama, iache nyumbani.

Nimekuwa nikiulizwa kwa nini nisijishughulishe na kudai vifaa vipya kwa wagumu, badala ya kusifu viraka. Nadai vyote viwili. Lakini kipya kinategemea mlango wa mtu mwingine. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kutuondolea nafuu za biashara za AGOA, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo, sisi tukalegeza. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba jaketi la mgumu lilijadiliwa kwenye meza ambazo yeye hakukaribishwa, na litajadiliwa tena. Hata jambo jema humfikia hivyo hivyo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 niliiunga mkono na naiunga mkono leo, kwani njia zetu zimekuwa safi. Lakini kabla yake wapo waliofungia nguo zao kavu kwenye rambo ndani ya begi. Rambo lilipoondoka, begi lenyewe ndilo likabaki la kuzuia maji, na begi lililotoboka halizuii. Nguo zikilowa kwenye msitu wa Machame siku ya kwanza, hazikauki siku ya pili. Mtu analala nazo mbichi penye barafu.

Kwa hiyo tunarudi kwenye ule usiku mmoja. Maarifa yapo. Mafundi wapo, na kazi hii ingewaongezea riziki miezi ambayo sare za shule hazishonwi. Tyubu moja ya gundi na karatasi moja ya viraka huzibia mahema na majaketi mengi, na vyote vinaingia kwenye mfuko wa shati. Kinachokosekana ni muda kati ya kushuka na kupanda. Mgumu anateremka Mweka jioni, amechoka, vifaa vinarundikwa stoo vikiwa na unyevu, anakwenda nyumbani Kibosho au Marangu kuona watoto. Simu inalia usiku wa kuamkia safari. Hakuna siku iliyotengwa ya kutandaza hema uwanjani, kulitazama dhidi ya jua na kutia alama kila mahali panapopenya mwanga. Zipo kampuni zinazofanya hivyo, na wagumu wake huwezi kuwakosa: nguo zao zina viraka vingi, vya duara, vilivyolala sawasawa. Nyingine huachia kazi hiyo tepu ya kijivu.

Jaketi la bluu nililiona tena. Siku ya nane kijana alirudi kibandani, safari hii ana siku nne za kupumzika. Uzi wa haraka ulikuwa umekata njia yake kwenye kitambaa, na mpasuko wa kidole kimoja ulikuwa umefika vidole viwili. Fundi aliukata uzi, akaufuta utando wa tepu kwa spiriti, polepole, kitambaa baada ya kitambaa. Alirudisha manyoya ndani kwa ncha ya mkasi. Akakata kiraka mviringo kutoka hema kuukuu la rangi ya machungwa, akakipaka gundi, akakilaza juu ya kiwiko, akaweka juu yake pasi ya mkaa isiyo na moto, kwa uzito wake tu. "Njoo kesho," alisema. Kijana alikwenda, akarudi kesho yake, akavaa, akakunja mkono, akakunjua. Hapakutoka unyoya hata mmoja.

Nawaomba basi wenye kampuni za mlima, ninyi mnaosoma haya mkiwa Moshi, Arusha au Marangu. Wekeni gundi na viraka kwenye sanduku la jiko, kando ya viberiti. Mlipeni fundi siku moja kati ya safari na safari. Mgeni anayewauliza alete nini kwa ajili ya wagumu, mwambieni alete jaketi pamoja na tyubu ya kulizibia. Na mgumu wenu mpigieni simu siku mbili kabla ya kupanda, asubuhi, mafundi wakiwa bado hawajafunga.